JE, NI HALALI MSTAAFU KUCHEZA?



Liko swali ambalo limekuwa likizungumzwa nje ya kanisa baada ya ibada, na mara nyingine hata ndani ya vikao. Nalo ni hili: Je, ni halali kwa Mkristo mwenye miaka sitini na zaidi, aliyemaliza utumishi wake, kutumia saa zake na sehemu ya pensheni yake kwa mambo yasiyoleta faida ya kuonekana? Swali hili halikuanza nasi, wala halitaishia kwetu. Lakini kwa kuwa limeulizwa hapa Kashaulili, tena limeulizwa juu ya watu tunaofahamiana, yafaa lijibiwe kwa utaratibu. Tutalieleza kwanza, tutapima hoja zake, kisha tutasema jibu tulilolifikia.

Mambo yenyewe ni haya. Sisi ni walimu wastaafu watatu. Mmoja wetu, aliyefundisha hisabati, hufufua kompyuta za zamani, zile zenye kioo kizito chenye mgongo mrefu kama sanduku, ambazo ofisi zilikwisha kuzitupa stoo. Wa pili ana kinanda cha umeme, kile ambacho wataalamu hukiita sintesaiza, naye hukipiga jioni peke yake, nyimbo zisizo za kwaya wala za harusi. Wa tatu huchora picha kwa rangi: mto Katuma wakati wa masika, viboko wa Katavi waliosongamana katika tope la kiangazi, treni imesimama stesheni. Hakuna anayetulipa, wala hakuna aliyetutuma. Tunafanya kwa sababu tunapenda.

Basi wapo wanaotuuliza kwa upole, na wapo wanaouliza bila upole: "Walimu, mmerudi utotoni?" Wahenga wamekwisha kusema kwamba ng'ombe hazeeki maini, na pengine hilo lingetosha kuwa jibu la mzaha. Lakini swali lenyewe si la mzaha. Ndani yake mna mambo matatu mazito: matumizi ya wakati, matumizi ya fedha, na haki ya watu wengine juu yetu. Tuyatazame moja moja.

Neno lenyewe

Kiswahili kinalo neno "uraibu". Wazee wa pwani walilitumia kwa vitu kama tambuu, tumbaku na kahawa, yaani vitu ambavyo mtu havihitaji ili aishi, lakini akivizoea huona siku haijakamilika bila yavyo. Siku hizi neno hilo hilo limetumiwa pia kwa shughuli ambazo mtu huzifanya kwa kupenda kwake, nje ya kazi yake. Tena hutumiwa kwa utumwa wa pombe na bangi. Angalieni busara ya lugha yetu: neno moja linabeba burudani na utumwa. Lugha haikutuambia kwamba burudani ni mbaya, wala haikutuambia kwamba ni salama. Imetuambia kwamba viwili hivyo ni jirani, na nyumba zao zimepakana ukuta.

Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Hoja ya wakati

Hoja ya kwanza husema hivi: Wakati ni mali ya Mungu, nasi ni mawakili tu. Mstaafu amebakiwa na miaka michache kuliko aliyokwisha kuishi. Je, si afadhali aitumie kwa maombi, kwa kuwatembelea wagonjwa na kwa kulima?

Tunakubali kwamba wakati si mali yetu. Lakini yatupasa kuangalia nini hasa maana ya wakati usio na kazi. Sisi tuliotumia maisha yetu shuleni tuna sababu ya kulijua hili. Neno "shule" lilitufikia kutoka kwa Wajerumani, na neno "skuli" kutoka kwa Waingereza, lakini yote mawili yana babu mmoja, nalo ni neno la Kiyunani lililokuwa na maana ya wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyebanwa na kazi za lazima. Wayunani waliona kwamba mtu hujifunza kweli pale anapokuwa na wasaa. Aristotle alifundisha kwamba kazi hufanywa ili tupate wasaa, wala si wasaa utafutwe ili turudi kufanya kazi. Hatumchukui Aristotle kuwa mtume. Lakini Maandiko nayo yanatufundisha kwamba siku ya saba haikuwekwa kwa sababu Mungu alichoka. Ilibarikiwa yenyewe, kama siku nyingine zilivyokuwa na kazi zao.

Hapa Mpanda tunao mfano mbele ya macho yetu. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, lilijengwa katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yale yalikoma karibu na wakati wa Uhuru. Lau kama kitu kina thamani kwa ile kazi moja tu kilichowekewa, reli ile ingeng'olewa siku hiyo hiyo. Haikung'olewa. Imebeba abiria, mahindi, mpunga na asali, na watoto waliokwenda kusoma mbali, wengi wao wakiwa wanafunzi wetu. Hakuna mhandisi aliyeijenga kwa ajili ya mambo hayo. Vivyo hivyo mtu aliyemaliza kazi aliyoajiriwa kwayo hajamaliza kuwa mtu. Bado ndani yake mna njia, na vitu vyaweza kupita juu yake ambavyo mwajiri hakuvifikiria.

Lakini mbona kompyuta, kinanda na rangi, na si jembe? Jibu ni kwamba jembe tunalo pia. Hakuna mwalimu wa Mpanda aliyeishi kwa mshahara peke yake. Tena wagonjwa huzuriwa na misiba huhudhuriwa. Swali lililobaki ni juu ya zile saa mbili za jioni.

Hoja ya faida

Wako wanaotutetea, nao hutetea hivi: "Waacheni walimu, kwani mambo hayo yaweza kuleta faida." Nao wanayo mifano mizuri.

Wanataja habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Alipokuwa Dar es Salaam alifanya kazi za nyumbani, na baadaye akawa mtumishi wa hospitali ya Muhimbili. Kuchora hakukuwa ajira yake. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora ndege na wanyama juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa kando ya duka kule Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alichora kwa muda wa miaka minne hivi tu, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendeleza mtindo ule, na leo familia nyingi zinaishi kwa kazi inayoitwa kwa jina lake.

Wanataja pia Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliyekuwa akiwatungia wanafunzi wake nyimbo. Mwaka 1897 alitunga ule wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoisimamia kila tunapoimba Wimbo wa Taifa. Na wanamtaja Mwalimu Nyerere. Akiwa Rais, mwenye mzigo wa nchi nzima, alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Baada ya kung'atuka aligeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996. Na alipopumzika alicheza bao.

Mifano hii ni ya kweli, nasi twaifurahia. Lakini utetezi wenyewe una hatari. Ukisema kwamba mchoro wa mzee ni halali kwa sababu Tingatinga alifanikiwa, umekwisha kukubali kwamba mchoro usiouzwa si halali. Umemwambia mwenye kinanda kwamba ana ruhusa ya kukipiga mpaka ithibitike kwamba hatakuwa Sontonga. Na kwa hakika hatakuwa. Maelfu huchora, mmoja hujulikana. Je, wale maelfu walipoteza wakati?

Kwa hiyo tunaleta mfano mwingine. Hailu Mergia ni mpiga kinanda wa Ethiopia. Katika miaka ya 1970 bendi yake, Walias, ilivuma Addis Ababa na ilikuwa ikipiga katika hoteli ya Hilton. Mwaka 1981 bendi ilisafiri kwenda Marekani, naye akabaki huko. Mwaka 1985 alirekodi kaseti akiwa peke yake, akiunganisha kodiani ya ujana wake na vinanda vya umeme. Baadaye akawa dereva wa teksi, akichukua abiria katika uwanja wa ndege wa Dulles, karibu na Washington. Lakini ndani ya buti ya teksi aliweka kinanda kidogo cha betri. Alipokuwa akingoja abiria, alikitoa na kupiga. Hapakuwa na tiketi, wala makofi, wala mtu aliyemwuliza. Alifanya hivyo miaka mingi. Mwaka 2013 kaseti yake ya zamani ilitolewa upya, watu wakamkumbuka, naye akarudi majukwaani.

Tunapolisimulia jambo hili wasikilizaji hufurahi kwa ajili ya mwisho wake. Sisi twawaomba wautazame katikati yake. Tuseme kwamba kaseti ile isingetolewa tena kamwe. Tuseme mzee yule angekufa akiwa dereva. Je, muziki uliopigwa kando ya teksi ungekuwa bure? Sisi twasema, la hasha. Ulikuwa mzuri jioni ile ile ulipopigwa. Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba Mungu aliona kuwa vilivyoumbwa ni vyema, na aliona hivyo kabla hajakuwako mtu wa kuvinunua, kuvila au kuvisifu. Wema wa kitu ulitangulia matumizi yake. Hilo ndilo jibu letu kwa hoja ya faida: kuna mambo ambayo thamani yake haingoji hesabu ya mwisho wa mwezi.

Mambo haya hufundisha nini

Hata hivyo, kusema kwamba jambo ni jema lenyewe si kusema kwamba halimbadilishi mtu. Tumeona linambadilisha, nasi twaeleza kwa kifupi jinsi gani.

Kwanza, kompyuta. Kijana wa leo atashangaa kusikia kwamba nchi yetu ilikuwa na kompyuta Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta zisiingizwe nchini. Sisi tulipokuwa chuo cha ualimu, mashine tuliyoijua ilikuwa taipureta, pamoja na ile ya kudurufu kwa stensili, ambayo ilimwacha mwalimu na wino hadi kwenye viwiko. Miaka ile ile, Ulaya na Marekani, vijana walikuwa na kompyuta ndogo za nyumbani zilizosoma programu zao kutoka kwenye kaseti za kawaida za muziki. Mashine mashuhuri ya mwaka 1982, Commodore 64, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu ya leo haiwezi kuenea humo.

Kwa nini basi mtu ahangaike na mashine kuukuu? Kwa sababu mashine kuukuu inaweza kueleweka yote. Simu ya mjukuu hufanya mambo elfu, na hakuna ajuaye inayafanyaje. Ile ya zamani, ukiwasha, inakaa kimya na kungoja amri. Mwalimu wetu wa hisabati huiandikia kwa lugha iitwayo BASIC, iliyobuniwa mwaka 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuitumia kompyuta. Mistari michache yenye namba 10, 20, 30 yatosha kuifanya iandike jedwali la saba. Ukikosea alama moja, mashine hukataa. Haina upendeleo, haikuogopi kwa kuwa u mzee, wala haikusifu kwa kuwa u mwalimu mkuu mstaafu. Kwa mtu ambaye amezoea kusahihisha wengine kwa miaka thelathini na mitano, kusahihishwa na chombo kilichotupwa stoo ni somo zuri la unyenyekevu.

Pili, kinanda. Kinanda cha umeme hakina filimbi wala nyuzi. Sauti yake huanza kama mtetemo wa umeme. Ule wa noti ya kurekebishia vyombo ni mara 440 kwa sekunde. Mpigaji anaanza na mtetemo mkavu, usio na sura, kisha anaupunguza hapa na kuuongeza pale, anaamua uanze ghafula kama ngoma au uingie polepole kama zeze, mpaka upatikane mlio autakao. Mara nyingi makanisani vinanda hivi hupigwa kwa midundo iliyotiwa kiwandani, nasi tunadhani hiyo ndiyo sauti yake. Yule anayekaa nacho jioni, bila haraka ya kwaya, hugundua kwamba chombo kinaweza kutafuta sauti ya marimba ya utoto wake, na kwamba hakifiki kamwe. Katika kule kutofika anajifunza kuisikiliza marimba yenyewe upya.

Tatu, rangi. Vyuoni tulifundishwa kuchora zana za kufundishia kwa mkaa, majani yaliyotwangwa na bluu ya kufulia, kwa sababu rangi za dukani hazikuwapo. Tulichora ili mtoto aelewe. Sasa anayechora anachora ili yeye mwenyewe aone. Mtu anaweza kupita kando ya Katuma miaka ishirini asijue kwamba maji yake si ya rangi moja asubuhi na jioni, lakini akijaribu kuyachora mara moja tu, hataweza kupita tena bila kutazama. Kanisa letu la Anglikana lina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1959, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo kule Murang'a, Kenya, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora ukutani maisha ya Bwana, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, akiyaweka katikati ya milima, migomba na watu wa nchi ile. Aliyeingia mle aliona Bethlehemu ikiwa jirani yake. Mchoraji asingeweza kuwaonyesha wengine asichokiona kwanza mwenyewe, na kuona huchukua muda. Wala tusisahau Bezaleli wa kitabu cha Kutoka: alijazwa Roho kwa ajili ya kuchonga, kufuma na kubuni kazi za ustadi.

Furaha yenyewe ni hatari?

Wapo ndugu wasiopinga wakati wala fedha. Wao hupinga ile furaha. Wanahofu kwamba moyo ukifurahia kinanda sana, hautabaki na nafasi kwa Mungu.

Hofu hii ni ya zamani na ya heshima. Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Kaskazini aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, naye akiwa mwalimu kabla ya kuwa Askofu wa Hippo, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyosumbuka kwa sababu ya nyimbo za kanisani. Aliogopa kwamba pengine anaguswa na sauti kuliko na maneno. Mara nyingine alitamani nyimbo zote ziondolewe masikioni mwake. Lakini alikumbuka machozi aliyoyatoa alipozisikia mwanzoni mwa imani yake, akaona afadhali uimbaji uendelee. Hakufika kwenye jibu kwa kuikana furaha, wala kwa kuiachia ifanye itakavyo. Aliichunguza.

Hapa ndipo lile neno "uraibu" linaporudi. Ukuta kati ya burudani na utumwa hauvunjwi na ukubwa wa furaha. Yako mambo yanayofurahisha sana bila kumfunga mtu, na yako yanayomfunga hata baada ya furaha yake kwisha. Mwenye kufungwa na pombe haifurahii tena, huihitaji. Kipimo basi si kuuliza, "Unafurahia kiasi gani?" Kipimo ni kuuliza, "Ukiitwa, unaweza kuacha na kwenda?"

Hoja ya fedha, na hoja ya akina mama

Tumefika mahali pagumu. Hoja mbili zilizobaki ndizo nzito kuliko zote.

Kuhusu fedha, wengine hutukumbusha yule mwanamke wa Bethania, aliyemwaga marhamu ya thamani, na wale walionung'unika kwamba ingeuzwa wakapewa maskini, naye Bwana akamtetea mwanamke. Sisi hatutaki kujificha nyuma ya habari hiyo. Mwanamke yule alimpa Bwana marhamu, hakujipaka mwenyewe. Mtu anayenunua kinanda anajinunulia. Hana budi kukiri hivyo.

Basi tuseme wazi. Pensheni ya mwalimu si kubwa, na kiinua mgongo huja mara moja tu. Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali, nasi wa Mpanda twajua asali ni nini. Ada ya mjukuu, dawa ya shinikizo la damu, sadaka, mchango wa msiba: hayo yana haki ya kwanza. Kinachobaki baada ya hayo, kikibaki, hakina hatia. Na ikumbukwe kwamba mambo haya si lazima yawe ghali. Kompyuta iliyotupwa huhitaji betri ndogo ya saa, waya wa risasi na subira. Rangi ya makopo ilimtosha Tingatinga. Anayesema hawezi kuanza mpaka apate chombo kipya kutoka Dar es Salaam, huyo hajapenda uchoraji bado. Amependa kununua.

Hoja ya pili ilitolewa na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, kwa maneno machache: "Walimu, ninyi mmestaafu kazi ya Serikali. Mimi jiko litanistaafisha lini?"

Hakuna mwanafalsafa aliyetuuliza swali zito kuliko hilo. Wayunani waliosifu wasaa waliupata kwa sababu watumwa walikuwa wakiteka maji. Saa mbili za jioni za mzee nazo hazidondoki kutoka mbinguni. Kuna mtu anayechota maji wakati huo, anayechambua mboga, anayemwogesha mtoto. Kama mtu huyo ni yule yule kila siku, na hana saa yake mwenyewe, basi burudani ya mzee imelipiwa na mwingine ambaye hakuulizwa. Hilo si kosa la kinanda. Lakini ni dhuluma, hata kama muziki ni mzuri.

Tena tuangalie jinsi tunavyosema. Mwanamume akichora, tunasema ana kipaji. Mwanamke akifuma kitambaa cha meza au akisuka mkeka wenye nakshi za rangi tatu, tunasema anafanya kazi za nyumbani. Nakshi zile hazihitajiki ili mtu alale. Ziliwekwa kwa sababu aliyesuka alipenda ziwe nzuri. Huyo naye anacheza, kwa maana nzuri tuliyoieleza, ila amejifunza kuificha furaha yake chini ya jina la kazi ili asiulizwe. Je, si vizuri zaidi aitoe mwangani, na apewe saa yake kama mwalimu anavyopewa yake?

Kwa hiyo jibu letu si kwamba mzee aache kinanda. Jibu ni kwamba wasaa ni kama ugali wa familia. Hauwi mwovu kwa kuwa ni mtamu. Unakuwa mwovu pale mmoja anaposhiba na mwingine anakomba sufuria.

Maswali manne

Tulizoea kumaliza somo kwa mazoezi. Yeyote mwenye jambo analolipenda, awe mzee au kijana, liwe bao, bustani, redio au rangi, na ajiulize maswali haya manne, ajibu kwa kweli.

Kwanza: Nani amelipia saa hii? Kama ni mimi kwa kazi niliyokwisha kuifanya, ni sawa. Kama ni mwenzangu, je, naye ana saa yake ambayo mimi hulipia kwa mikono yangu, kwa kuchota maji au kulea mjukuu?

Pili: Je, naweza kuacha? Akija mtu mlangoni kusema kuna mgonjwa, je, nanyanyuka mara moja, au namwambia angoje nimalize?

Tatu: Je, jambo hili linanifungulia watu au linanifungia? Kuwa peke yako saa mbili si kosa, hata Bwana alijitenga mlimani. Lakini aliporudi aliwarudia watu. Mtoto akichungulia dirishani kutazama kompyuta, je, nafunga pazia, au namwekea kiti?

Nne: Je, baada ya kulifanya naona zaidi au naona kidogo? Aliyetoka kwenye uchoraji akiuona mto vizuri zaidi, na uso wa jirani yake vizuri zaidi, huyo hakupoteza wakati wowote. Aliyetoka akiwa na hasira, akiona nyumba yake kuwa kelele tu, na apumzike na hiyo burudani mpaka iwe burudani tena.

Majibu yakiwa mema, hatuoni sababu ya mtu kuona haya. Mtu aliyewatumikia wengine miaka mingi hupata ugonjwa mmoja ambao hospitali hautibu: hajui tena anachokipenda. Aliulizwa daima anachopaswa kufanya, hakuulizwa anachopenda, mpaka swali lenyewe likafa ndani yake. Wenzetu wengi walistaafu wakakaa kitako barazani kungoja, na walichokingoja kikawafikia upesi. Kulifufua swali lile katika miaka ya sitini si kurudi utotoni. Ni kuipokea zawadi ambayo ilikuwa imewekwa kando tulipokuwa na haraka.

Basi ndugu zetu wapendwa, yeyote aliye na jambo la namna hiyo analolificha, na asilifiche. Mama mwenye mkeka wa nakshi, aulete tuuone. Na wewe mume wake, jioni anapokaa kuusuka, shika ndoo.

Ni sisi walimu wenu wastaafu,
Kashaulili, Mpanda.